Mama Aliyekataa Kuingia Porini

Mzee yule nilimfahamu kwa sababu ya mlango. Tulikuwa tunakaa jengo moja Downsview, huko Toronto, mimi ghorofa ya nane, yeye na mkewe ya saba. Mlango wa chumba changu ulikuwa haufungi tangu baridi ianze, na mwenye jengo alikuwa ameniahidi fundi mara tatu. Jirani akaniambia, "Hapo chini yako kuna Mkongo mmoja, seremala kwelikweli. Mwombe." Mzee akapanda na randa mkononi. Akaupapasa mlango kama daktari anavyolipapasa goti la mgonjwa, akaupunguza ubavu mmoja, ukafunga. Malipo alikataa. Ila alipoziona kamera zangu mezani aliuliza, "Wewe ndiye unayepiga mafoto ya arusi?"

Ndiye mimi. Siku za kazi nilikuwa nawaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na Jumamosi nilipiga picha za arusi: za Watanzania wenzangu, za Wakenya, za Wakongo, na za Wahindi waliotoka Dar es Salaam na Kampala zamani, ambao bibi zao walikuwa wakinisemesha Kiswahili kizuri kuliko changu. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili.

Mzee alifanya kazi kwenye yadi ya mbao kuukuu, nyuma ya maghala. Jengo la zamani likibomolewa, boriti zake zililetwa pale, yeye akazing'oa misumari na kuzipiga randa ili ziuzwe tena. Tajiri wake alitaka mbao zipigwe picha kwa ajili ya wateja, na mzee akanitaja mimi. Nikaenda siku moja ya Machi, theluji imeshageuka tope.

Nilipiga picha mbao za mialoni na misonobari mpaka nikachoka. Mwishowe mzee akanivuta mkono hadi pembeni, kwenye rundo la mbao za kijivu zisizo na sura.

"Shika huu," akasema, akinipa ubao mrefu kunizidi.

Nilijikaza kubeba mzigo, kumbe haukuwa na uzito wowote.

"Umeona? Hizi zilikuwa tangi la maji, juu ya paa la kiwanda. Zimekaa na maji tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Sasa tazama."

Akaulaza ubao mezani, akapitisha randa mara mbili. Chini ya ule ukijivu pakatokea wekundu wa udongo wa kwetu Morogoro mvua ikishanyesha, nyuzi zimenyooka kama nywele zilizochanwa, wala hakuna hata tundu moja la mdudu. Mzee aliinama akaunusa, akafumba macho. Nikamwona amekuwa kijana.

"Wanauita redwudi. Kwetu Uvira nilitengeneza milango ya kanisa kwa mvule, nikadhani nimemaliza kujua mbao." Akaufuta kwa kiganja. "Mti wake huota California. Wanasema ukisimama chini yake huoni mwisho. Mungu akinijalia nitakwenda niuone mzima."

Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache. Alifunga mikate kiwandani, na Jumapili aliniletea sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, akaniita "mwanangu," akakaa dakika kumi na kuondoka. Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti ambaye baadaye alisomea uuguzi. Binti alisikia Kiswahili chote ila alijibu kwa Kiingereza. Niliwahi kumuuliza mama kama hakupenda kuongeza watoto. Akaniangalia kidogo, akasema, "Mungu ndiye anayepanga," akaanza kukusanya sahani zake.

Miaka ikapita. Binti akapata mchumba ambaye wazazi wake waliishi kaskazini ya California, na arusi ikapangwa huko, kwa upande wa mume. Mimi nikachukuliwa kama mpiga picha na kama mtu wa nyumbani. Bibi arusi alitaka jambo moja: kesho yake tuende kwenye ile miti mikubwa, avae gauni tena, tupige picha za familia humo. Baba yake aliposikia alisimama, akakaa, akasimama tena. Mama akaingia jikoni.

Tulifika asubuhi na magari mawili. Niseme ukweli, sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeona picha za ile miti, lakini picha hukuonyesha mti, haikuonyeshi jinsi unavyonyamaza mwenyewe ukishaingia. Ardhi ilikuwa laini kama godoro. Tuliongea kwa sauti ya chini, hata vijana wa upande wa mume waliokuwa wamecheza muziki njia nzima.

Kazi ilinitesa. Mwanga ulikuwa hafifu, halafu ghafla unadondoka mshale mmoja wa jua juu ya gauni jeupe na kuliunguza kabisa kwenye picha, huku uso wa bwana arusi ukipotelea gizani. Nikirudi nyuma ili niupate mti, watu wanakuwa wadogo kama njugu. Nikisogea niwapate watu, mti unageuka ukuta mwekundu tu. Nikaamua kuwasimamisha kivulini, karibu na shina, nikaacha kuhangaika na vilele.

Mzee hakunisaidia hata kidogo. Kila nikimpanga anatoroka. Mara amekumbatia shina na suti yake, mara anabonyeza gome kwa kidole na kuniita, "Njoo uguse, ni kama sufi!" Palikuwa na mti mmoja ulioanguka, ukakatwa kipande ili njia ipite, na pale kwenye mkato nyuzi zilionekana wazi, pete ndani ya pete. Alipiga magoti mbele yake na suruali ya arusi. Nilimpiga picha nyingi pale, na mpaka leo ni katika picha nzuri nilizowahi kupiga.

Mama hakuwa amekuja. Tulipofika alisema kichwa kinamuuma, akabaki garini. Binti alikunja uso, akasema kwa Kiingereza kwamba mama yake huwa hivyo siku zote, hata kambi za watoto za kanisa alimkataza kwa sababu zilifanyika msituni.

Betri ya kamera ikaisha, nikarudi garini kuchukua nyingine. Nilimkuta mama ameketi kiti cha nyuma, vioo vyote amevipandisha, kitenge cha arusi amejifunika kichwani. Alikuwa analia bila sauti. Nikaingia, nikakaa kando yake.

"Kichwa, mama?"

"Si kichwa, mwanangu. Mimi pori siingii. Niliapa siku tuliyotoka."

Halafu akanisimulia, macho yakiwa mbele, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwenye kioo cha gari. Vita vilipowafikia walikimbilia porini, wakatembea wiki nyingi. Binti alikuwa na miaka mitatu. Mgongoni mama alikuwa na wa pili, mvulana wa miaka miwili. Alishikwa na homa. Siku ya nne alikuwa mwepesi mno mgongoni, mama akajua amekata roho. Mzee alichimba kwa panga chini ya mti mkubwa, wakamlaza na kitenge, wakaendelea kutembea kwa sababu watu walikuwa wakija nyuma.

"Mti mkubwa kama hii?" niliuliza, swali la kijinga, lilinitoka tu.

"Kwangu ulikuwa mkubwa kuliko hii." Akajifuta. "Tangu siku ile hatujamtaja. Yule mzee anapenda miti. Anarudi kazini ananukia miti, ananieleza habari za miti. Mimi namtazama tu. Najiuliza, mikono hii si ndiyo ilichimba? Amesahau?"

Nilimshika mkono tukakaa hivyo. Nje vijana wa upande wa mume walikuwa wanaanza kuniita.

Aliyekuja ni binti, ameshika gauni lake juu, viatu vyeupe vimejaa vumbi. Alifungua mlango kwa hasira, akatuona, hasira ikamwishia. "Mama, tafadhali," alisema kwa Kiingereza. "Picha moja tu."

Mama alimtazama. Kisha akakifunga upya kile kitenge kichwani, akashuka.

Alitembea amenishika mkono wa kulia na binti mkono wa kushoto, na alinibana vidole kila tulipopita chini ya tawi. Mzee alikuwa bado kwenye ule mti ulioanguka. Alipomwona mkewe anaingia, alitupa koti lake chini akaja mbio. Walisimama wakitazamana.

"Ulidhani nimesahau?" mzee alisema. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alimwona tu uso.

"Hukusema."

"Na wewe hukusema."

"Ningesemaje? Kila siku mbao, mbao."

Mzee akatazama mikono yake. "Ningefanya kazi gani nyingine?" alisema. "Nikishika mbao, namshika. Sina pengine pa kumshika."

Binti aliuliza kwa Kiingereza ni nani huyo wanayemwongelea. Mama alimjibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu: ulikuwa na mdogo wako, alikuwa wa kiume, alikufa porini. Binti akakaa chini palepale na gauni lake jeupe. Bwana arusi alikuja akasimama nyuma yake, hakujua pa kuweka mikono.

Nilikuwa nimeishusha kamera. Miaka yote nimejifunza kuinua kamera mtu anapolia, maana machozi ya arusi hulipiwa, lakini haya hayakuwa yangu. Nikageuka niondoke.

"Usiende," mama alisema. "Tupige."

"Mama, si lazima."

"Yeye hatukumpiga hata moja. Hana picha duniani. Tupige hapa, sisi watatu, chini ya mti."

Wakasimama: baba, mama, na binti katikati. Hawakuangalia kamera, waliangalia chini, mahali pamoja, kama kuna kitu pale. Nilipiga tatu. Ya kwanza haikukaa sawa.

Njia nzima ya kurudi Toronto hatukuongea habari hiyo. Picha zile sikuziweka kwenye albamu ya arusi. Nilizisafisha peke yangu, nikazitia kwenye bahasha, nikashuka ghorofa moja nikazikabidhi. Mama alichagua ile isiyokaa sawa. Sikumuuliza kwa nini.

Baada ya wiki tatu wakaweka matanga, karibu miaka ishirini baada ya msiba wenyewe. Mchungaji wao alisita mwanzoni, akasema hajawahi kufanya jambo la namna hiyo, kisha akaja. Tulikaa sakafuni, Wakongo, Warundi, na Watanzania wachache, viatu vimejaa kwenye korido ya jengo hadi mlango wa lifti. Watu waliingia wakatoa pole kama mtoto amefariki jana. Mzee alikuwa amekuja na ubao mwekundu kutoka yadini kwake, tajiri wake amempa, akachonga juu yake jina la mtoto na kuuegemeza ukutani. Hakuunakshi wala kuupaka vanishi.

Binti alikuwa akigawa chai. Mzee mmoja wa kanisa akamuuliza mama, kwa adabu, mtoto huyo alikuwaje. Nikaona watu wameinamisha macho, wakiogopa swali limekuwa zito.

Mama akaweka kikombe chini. "Alikuwa mtundu," akasema. "Alikuwa anakula udongo. Ukimfukuza kwenye udongo anamng'ata dada yake." Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Mama naye akacheka, akasogea vizuri kwenye mkeka, akaendelea kusimulia: alivyokataa maziwa, alivyoogopa mbuzi, wimbo aliotaka aimbiwe ndipo alale. Binti alisimama na birika mkononi akisikiliza, na hakuna aliyemkumbusha kumimina.