Mfuniko wa Enesi

Lusubilo alikuwa amebakiza hatua chache afike juu ya kilima, ulimi nje, mapaja yanawaka moto, simu ilipozungumza kutoka mfukoni: "Umepumzika. Safari imesimamishwa."

Alitamani kuitupa bondeni. Hakuwa amepumzika, alikuwa anapanda. Ila alipanda kwa mwendo ambao aplikesheni ile ya kurekodi safari iliuona ni wa mtu aliyekaa kitako anakula muwa. Jumapili iliyotangulia bando lilikata katikati ya njia. Kabla ya hapo alisahau kubonyeza "Anza". Na katika kikundi cha mbio za baiskeli cha Tunduma, safari isiyorekodiwa haikufanyika, hata kama umevunjika mkono njiani. Mkono nao utaambiwa ulete ushahidi.

Angeweza kuacha. Umri umekwenda, ana banda lake la ufundi baiskeli karibu na stesheni ya reli, na goti lake la kulia linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Lakini aplikesheni ilikuwa na sheria moja iliyomnyima usingizi: mwenye muda bora wa kupanda ndiye anayekipa kilima jina. Mwenye muda bora alikuwa Jofrey, mwenyekiti wa kikundi, kijana wa kutoa mizigo forodhani, mwenye kaptula inayobana kuliko masharti ya kanisa lao. Akakiita Mlima Jofrey. Utadhani alikirundika mwenyewe kwa koleo. Na majina yalikuwa yanafungwa Jumapili inayofuata, jioni.

Kilima kile kina jina lake. Kinaitwa Kwa Enesi.

Enzi za ujana wake, Lusubilo alitoka Iyula na Swala ya baba yake, baiskeli nzito kama ng'ombe, akawa anabeba magunia ya mahindi kuyaleta sokoni Tunduma. Wabeba mahindi walishindana kupanda na mzigo. Saa hawakuwa nayo. Mmoja wao tu alikuwa na ya mkononi, nayo ilikuwa imekufa, aliivaa kwa heshima ya mkono. Lakini juu kileleni kulikuwa na banda la chai la binti mmoja kutoka Igamba. Ukipiga filimbi chini, Enesi anateleka sufuria ya maji. Ukifika kabla mfuniko haujaanza kucheza, unakunywa chai bure na jina lako linatangulia sokoni. Ukichelewa, unalipa na unachekwa. Mfuniko haukuhitaji chaji wala bando, na haukuwahi kumwambia mwanamume anayehema kwamba amepumzika.

Kasiani, mbeba mahindi mwenzake aliyekuwa na mapaja kama magogo, hakuuwahi mfuniko hata siku moja. Lusubilo aliuwahi kila mara. Baadaye akamwoa mwenye sufuria, na ushindi huo ameusimulia kwa wateja hadi baadhi yao wakahamia kwa fundi mwingine.

Jumapili ya mwisho alibonyeza "Anza" saa mbili kamili asubuhi. Alifika juu saa mbili na nusu, akajibwaga kwenye majani akisubiri matusi. Badala yake simu ikapiga tarumbeta. Nafasi ya kwanza.

Simu yake ina laini mbili, kama za wafanyabiashara wengi wa Tunduma: moja ya huku, moja ya Nakonde, kwa ajili ya wateja wa ng'ambo ya mpaka wanaoomba punguzo kwa "mukwai" nyingi, neno lao la heshima. Kule juu mnara wa Zambia unashika vizuri kuliko wa kwetu, na saa ya Zambia iko nyuma kwa saa moja. Kwa hiyo simu iliona mzee ameondoka chini saa mbili, akafika juu saa moja na nusu. Mtu mwenye akili angeuliza kulikoni. Aplikesheni ilimpongeza, ikamwomba jina. Lusubilo akaandika: Kwa Enesi.

Mchana Jofrey akatua bandani. Alicheka kwanza, kisha akakunja uso wa kiofisi. Alisema kikundi kizima kimeona, na kwamba hata waliopaa mbinguni kwenye Biblia hakuna aliyefika kabla ya kuondoka. Lusubilo alijitia anatafuta spana. Enesi, aliyekuwa ameleta chakula, akataka kujua wanagombania nini.

"Mzee amewahi kwa saa za Zambia, mama," Jofrey akamweleza.

"Hiyo ndiyo kesi? Zamani aliwahi kwa kuni zangu."

Lusubilo akaiacha spana. "Kuni gani?"

"Baba Tuli, wewe ulikuwa mzito kuliko hilo gunia. Kasiani akipiga filimbi, nasukuma kuni zote ndani. Ukipiga wewe, nazivuta nje. Siku nyingine niliongeza maji ya baridi."

Jofrey akageuka kuangalia malori. Lusubilo alikaa juu ya tairi, ushindi wake wote wa ujana ukimpukutika kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Kisha akakumbuka kwamba siku zile alikuwa hajamwambia binti yule neno lolote zaidi ya "chai".

"Ulianza lini?" akauliza, taratibu.

"Siku ya kwanza. Ulifika na kiatu kimoja."

Enesi akamwambia ale, ugali unapoa. Lusubilo akamkabidhi kwanza Jofrey simu. "Futa huo muda, kijana."

Jofrey akafuta. Hapo hapo simu yake mwenyewe ikapiga tarumbeta: amerudi wa kwanza, aandike jina la kilima. Alikuna kichwa, akaandika, akawageuzia kioo wasome. Kwa Enesi.

Ila alitoa sharti: Jumapili ijayo yeye naye apande akipimwa kwa sufuria, na mama mwenyewe akae jikoni.

"Leta filimbi tu," Enesi akasema, akimpakulia. "Ila nakuambia mapema, mwanangu, una mapaja ya Kasiani."