Siku Baba Aliyoshika Mchi

Mpaka leo nikisikia michi miwili ikipokezana ndani ya kinu kimoja, siwezi kukaa. Nitasimama, nitajifunga kanga upya, nitatoka uani kutazama ni nani anayetwanga. Wajukuu zangu hunicheka. Hawajui kwamba moyo wangu umeshakimbilia Kabambare, nilipokuwa na miaka kama minane, na mizigo yetu imefungwa mlangoni, hatujui kama tunaondoka au tunabaki.

Baba alikuwa mwalimu wa dini. Alifundishwa na mapadri kule ziwani, naye alifundisha vilevile alivyofundishwa: wanafunzi wamesimama wima, mikono kifuani, swali, jibu, swali, jibu, bila kuruka neno. Mama hakuyaweza hayo. Kiswahili alikipata ukubwani, na akisimamishwa namna ile ulimi ulikuwa mzito. Lakini mpe mchi uone! Mpunga haukukosekana Kabambare, na wanawake walikuja kutwanga kwetu wawili wawili. Nadhani ni mama mwenyewe aliyeanza: mchi mmoja ukishuka unauliza, wa pili ukishuka unajibu. Nani alikuumba? Mungu aliniumba. Pumba zilinukia, vumbi lilipanda juani, na mafundisho ya mapadri yalikwenda kwa mwendo wa kinu. Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote ni Bi Zaituni, jirani yetu Mwislamu. Hakuwa na nia hata kidogo ya kubatizwa. Alipenda mwendo tu, na saa ya sala yake ikifika aliweka mchi chini akaenda zake.

Baba alikasirika mno.

"Maneno ya Mungu hayatwangwi pamoja na pumba," alisema, akapiga marufuku.

"Sasa mwalimu, tuimbe nini?" Bi Zaituni akamuuliza. "Tuimbe matusi yako weye?"

Wanawake wakaangua kicheko, baba akaingia ndani. Tangu siku hiyo waliimba akiwa hayupo.

Kisha Padri akaja, njiani kwenda Kasongo. Alitaka baba aende naye kuanzisha mafundisho huko, ila kwa sharti moja: mke wa mwalimu awe amebatizwa. Mama akishindwa kujibu maswali, baba angekwenda peke yake, nasi wawili tungebaki. Wapagazi walikuwa uani tayari, wanatafuna mihogo na kuuliza kila mara tunangoja nini. Mimi niliingia na kutoka, nikakifungua kifurushi changu na kukifunga tena sijui mara ngapi.

Mama alisimamishwa mbele ya Padri, mikono kifuani. Baba akauliza swali la kwanza. Akalirudia. Mama alitazama miguu yake, jasho likimtoka, midomo ikicheza bila sauti. Padri akaanza kufunga kitabu.

"Padri, huyu mama iko anajua yote!" Bi Zaituni akapaza sauti. "Mumupe muchi. Miye nitamuuliza."

Padri akakataa. Anayeuliza ni mwalimu, alisema, si Mwislamu.

Kwetu mwanamume hakushika mchi. Afadhali alale na njaa. Baba akawatazama wapagazi, akamtazama mama. Kisha akavua kofia, akakunja mikono ya kanzu yake nyeupe, akaenda kinuni. Mchi mmoja akampa mama, wa pili akaushika yeye, vibaya, kama mtu anayechimba shimo.

"Mama Tereza," alisema, akimwita kwa jina langu, "tutwange."

Pigo lake la kwanza lilirusha mpunga nje. Wanawake walipiga kelele, wapagazi wakapiga miluzi, na mmoja akamwita baba Bibi Mwalimu. Mama hakucheka. Alimngoja, akampa mwendo kwa mchi wake mpaka akaupata. Baba akauliza, mama akajibu. Akajibu la pili na la tatu, akaendelea hadi mwisho, hata yale ambayo Padri hakuyahitaji. Alibatizwa asubuhi ileile, tukaenda Kasongo sote watatu. Huko baba aliwafundisha wanaume wamesimama, mama akawafundisha wanawake kinuni, wala hakuna aliyemkataza tena.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba aliuchukia wimbo wa mama. Nilielewa ukubwani, baada ya kuishi kati ya Waislamu wa Kasongo na kuona adabu yao wanaposoma kitabu chao. Baba alikuwa mgeni kati ya watu kama hao, mwenye dini changa, na aliogopa dini hiyo isije ikachekwa. Hakuwa na kitu kingine zaidi ya heshima yake, naye aliitoa yote mbele ya wapagazi ili tusitengane.

Katika vicheko vile vyote aliinua kichwa mara moja tu, akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili, nacheka.