Posa Niliyoivunja kwa Simu

Wiki tatu sikupata wazo hata moja la video, na wafuasi wangu walikuwa wananihama. Jumamosi nilialikwa kwenye sherehe ya posa hapa Kamembe, ng'ambo ya mpaka kutoka Bukavu nilikokulia. Ghafla mzee wa upande wa binti akafoka: "Hatuna binti wa kuwapa! Murudie kwenu!"

Nikaingia mubashara: "Jamani, bwana harusi anafukuzwa!"

Baadaye kidogo mzee alipokea simu, kisha akashika kipaza sauti na kuninyooshea kidole.

"Papa, wewe umekomalia Bukavu. Huku tunakatalaka kwanza, kukataa kwa muchezo tu, kisha tunatoa bibi wa kuoa. Sasa shangazi ya binti, mwenye alikuwa njiani kuleta keki, ameona video yako. Amerudia na keki yake kwao Nkungu."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Na mimi, mjinga, nilikuwa bado hewani.