Jino la Kiboko

Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Lilijificha kwenye maharage ya mchana, na mimi, kwa pupa yangu ya kucheka huku natafuna, nililiuma kwa jino la mbele, la juu, upande wa kulia. Mlio wake niliusikia hadi masikioni. Mke wangu, aliyekuwa ameketi mbele yangu jikoni, aliusikia pia. Badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, nilimuuliza kama siku hizi anachambua maharage akiwa amefumba macho. Hakusema nami kwa siku mbili, na nilistahili.

Mtu mwingine yeyote pale kambini Kasese angevunjika jino akaendelea na maisha yake. Lakini mimi nilikuwa askari polisi mpiga tarumbeta. Nilipiga ya alfajiri, ya kupandisha bendera na ya kuishusha jioni. Mjini wake za wachimba madini waliwasha majiko kwa sauti yangu. Nikichelewa kidogo walinitania sokoni kwamba chai ya waume zao imechelewa kwa ajili yangu. Sikuwa na elimu ya maana, wala urefu wa kutisha wahalifu. Nilikuwa na midomo, mapafu na meno ya mbele.

Tena ile tarumbeta ndiyo iliyotulaza. Mpiga tarumbeta alipewa nyumba ya vyumba viwili karibu na mlingoti wa bendera, wakati wenzangu walikaa na familia zao katika vibanda vya bati vya mviringo, vinavyochoma mchana. Na mpiga tarumbeta hakutumwa kwenye vituo vya mlimani. Ilikuwa miaka ya sitini ikielekea mwisho, na huko mlimani, kwa sababu ya waasi, hakukuwa shwari. Waliopelekwa Bwesumbu walikaa miezi bila kuona watoto wao, na wengine walirudi wamebadilika, hawataki kuongea na mtu. Mimi nilikuwa na mabinti wawili, na mke wangu alikuwa na mimba ya tatu. Nilijua vizuri nini kilikuwa kinaning'inia kwenye lile jino.

Likaanza kuwa jeusi. Kisha likaanza kuuma, kwanza nikinywa maji, halafu hata upepo ukinipiga. Nikaenda kwa inspekta wetu kuomba ruhusa ya kwenda Kampala, maana nilisikia kwamba kwenye hospitali kubwa huko wanaweza kuziba jino bila kuling'oa.

"Kampala hapana," alisema bila kuinua macho. "Jino inauma, enda dispensari. Daktari iko kuja Alhamisi."

"Afande, hapa wanang'oa tu."

"Sasa jino mbaya unataka kuifanyia nini? Kuipa cheo?"

Fort Portal kulikuwa na daktari wa meno wa binafsi aliyeziba. Nilituma mtu akaniulizie. Jibu lilipokuja, mke wangu alicheka kwa uchungu: daktari huyo alitaka zaidi ya mishahara yangu mitatu kwa jino moja. Basi ikabaki dispensari ya serikali, ambayo ilikuwa bure.

Daktari wa serikali alikuja mara moja kwa mwezi, na kiti chake cha kukunja na sanduku la vyuma. Watu walikuwa wakimsubiri tangu usiku: wachimba madini, wake wa askari, na wakulima walioteremka na njia za miguu kutoka Kyarumba, mashavu yamefungwa kwa vitambaa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mkali, na muda wote alifunika pua na mdomo kwa kitambaa cheupe. Hakumsalimu mtu. Hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Tulimwita Bwana Koleo, na tulimchukia kwa moyo mmoja.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Asubuhi dresa, msaidizi wake wa dawa na sindano, alipita kwenye benchi, akatazama kila kinywa, akapaka tone la dawa ya zambarau usoni, sawa na lilipo jino bovu. Kisha akawachoma watu sindano mmoja baada ya mwingine. Daktari alikuja nyuma yake na koleo, akifuata zile alama. Hakuuliza kitu. Siku ilikuwa moja na watu walikuwa wengi.

Mimi nilikwenda na gwanda langu kamili, nimepiga viatu rangi, nikiwa nimejiandalia maneno ya kumwomba. Nilitaka anisaidie na barua ya Kampala. Dresa akanipaka zambarau juu ya mdomo. Nikadhani ni kuonyesha tatizo. Akanichoma sindano, nikafurahi, maana siku hizo sote tuliamini sindano ndiyo dawa yenyewe. Halafu daktari akasimama mbele yangu.

"Fungua."

Nikafungua. Hapa ndipo watu hunicheka nikisimulia, na wacheke tu. Askari hasemi mstarini mpaka mkubwa amwulize. Miaka sita nilikuwa nimefundishwa hivyo kwa makofi na kwa kukimbizwa juani. Nikakaa wima, mikono magotini, macho mbele, nikisubiri aniulize ndipo nitoe ombi langu. Hakuniuliza. Nilisikia ufa, kichwa kikavutwa mbele, na jino langu likalia kwenye bakuli.

"Ingine," alisema, na wa pembeni yangu akafungua kinywa.

Nilitembea hadi nyumbani nimeziba mdomo kwa kofia. Mke wangu aliponitazama alijua. Akakaa chini kwenye mlango wa jiko akalia, akisema ni yeye, ni yale maharage yake. Nilimwambia ni mimi niliyenyamaza kama gunia. Tukabishana hivyo nani mwenye kosa mpaka watoto wakaanza kulia nao.

Kesho yake tarumbeta ilitoa upepo tu. Mdomo haukuwa na pa kuegemea. Walinzi wa zamu waligeuza nyuso wasinione. Inspekta aliniita akasema maneno machache: "Mwisho wa mwezi iko paredi. Tarumbeta ikilia, sawa. Isipolia, unapanda Bwesumbu, na nyumba unatoka."

Mke wangu ndiye aliyempata fundi wa Bwera. Alisikia sokoni kwamba karibu na mpaka kuna Mkongo anayetengeneza saa na miwani, na meno pia. Jumamosi tukapanda lori, tukashuka Kikorongo kubadilisha, tukasimama saa mbili kati ya wauza samaki wakavu kusubiri lori jingine, na adhuhuri tukamkuta kwenye baraza ya duka, na tupa zake ndogo zimepangwa juu ya kitambaa. Alinitazama kinywani kwa muda mrefu.

"Papa, inaumaka wapi?" aliuliza.

Nikamweleza yote. Jiwe, sindano, tarumbeta. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa.

"Kama ni ya kuchekea bamama, mi niko na ya plastiki. Lakini mutu wa kupuliza, ile itavunjika. Yako inaombaka kiboko."

"Kiboko gani?"

Akafungua mkebe, akatoa kipande cha jino la kiboko, jeupe, zito. Miezi michache kabla nilikuwa nimesimama mlinzi mahakamani, hatua mbili kutoka kwa mtu aliyefungwa kwa kukutwa na meno kama hayo. Mbuga ilikuwa pale pale jirani na sheria haikuwa na mzaha.

"Haikuuawa," fundi alisema. "Ilikufaka yenyewe, ku maji."

"Sheria haijali ilikufaje," nilimjibu.

Mke wangu aliniangalia, kisha akatazama tumbo lake, kisha akaniangalia tena. Akafungua kifurushi chake akatoa kitenge alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kubatizia mtoto, kipya, hakijaguswa na maji, akamwekea fundi mapajani.

Jino lilichongwa mchana ule ule. Alilifunga kwa meno ya pembeni kwa waya wa shaba, mwembamba, ambao nadhani ulitoka mgodini, lakini nilikuwa tayari nina kosa moja kinywani na sikutaka kuuliza la pili. Siku ya paredi nilipiga tarumbeta mpaka mbwa wa kambi wakaitikia. Inspekta alisema, "Sawa," na nyumba ikabaki yetu. Mtoto alizaliwa ndani yake, wa kiume, mnene.

Miezi mitatu nilikuwa mfalme, ingawa mfalme aliyecheka amefunga mdomo. Halafu fizi zikaanza kutoa damu. Ule waya ulikuwa unakula nyama kidogo kidogo. Asubuhi moja niliamka mdomo umevimba hadi puani, meno mawili ya pembeni yanacheza, na homa juu. Nikijaribu tarumbeta machozi yalinitoka.

"Utaenda kwa daktari," mke wangu alisema.

"Nikafungue kinywa mbele ya mtu wa serikali? Atapiga simu polisi."

"Polisi si ni wewe? Baba watoto, ukifa na jino lako la kiboko, mimi nitakaa wapi?"

Kesho yake ilikuwa Alhamisi ya daktari; nikaenda, bila gwanda. Dresa alipoona kinywa changu alisimama na brashi yake ya zambarau hewani, hajui apake wapi. Akaenda kumnong'oneza daktari. Daktari akaja, akainama, akatazama. Kisha akaniingiza chumbani, akanikalisha kwenye kiti chake cha kukunja, akamwambia dresa atoke nje na afunge mlango.

"Nani amefanya hii?"

Kwa mara nyingine nikakaa wima, mikono magotini. Lakini safari hii alikuwa ameniuliza, basi nikasema. Nilisema yote, na hasira ikanipanda nikiwa katikati. Nilimwambia nilikuja hapa kuomba msaada na yeye hakuniuliza hata jina. Nilimwambia kuna mtu wa Bwera asiye na shule, ana tupa za saa, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza naumwa wapi. Nilipomaliza nilisubiri anifukuze au aite watu.

Akavuta kile kitambaa cheupe kikashuka shingoni.

Hakuwa na meno ya mbele. Mawili ya juu hayakuwepo kabisa, na la tatu lilikuwa kisiki. Alikuwa kijana kuliko nilivyodhani, na bila kile kitambaa uso wake ulikuwa wa mtu mwenye aibu.

"Niling'olewa na mwenzangu, hapa hapa kwenye kiti hiki," alisema. "Nilimshikia taa mwenyewe. Nimeandika barua Kampala ya meno ya bandia miaka miwili. Dawa ya kuziba nimeandika tangu nilipofika. Wananiletea koleo."

Chuki yangu yote ya Bwana Koleo ilikuwa imeniishia, na nilimwonea huruma hata nikasahau homa yangu.

Alifanya kazi kwenye kinywa changu kwa muda mrefu, taratibu, watu wakinung'unika nje. Alikata shaba, akasafisha fizi, akafunga tena lile jino la kiboko kwa waya wa chuma kisichoshika kutu kutoka sandukuni mwake, juu kidogo, mbali na nyama. Akaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi. Meno ya pembeni, alisema, yatakaza, na kweli yalikaza. Kisha akasimama akinipa mgongo, anapanga vyuma ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Askari," alisema, "huyo mtu wa Bwera. Anakubali kila mtu?"

Alibaki Kasese hadi Jumapili, tukaenda yeye na mimi, juu ya lori la mahindi. Kitambaa chake kilikuwa mfukoni na mkono wake mdomoni. Fundi hakumwuliza yeye ni nani. Alimkalisha kwenye kigoda, akasogeza uso wake kwenye mwanga kwa vidole viwili, akasema, "Papa, inaumaka wapi?" Yule mtu mrefu akafungua kinywa kujibu, na hakuweza. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Fundi akasubiri. Akachukua tupa yake akaifuta kwa kitambaa, akaifuta tena, mpaka daktari akapata sauti.

Niliipiga ile tarumbeta miaka mingine saba, na jino lile lile. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni Alhamisi yake ya mwezi uliofuata safari yetu. Nilijipangia zamu niwe mlangoni pa dispensari. Benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Daktari akatoka, uso wazi, meno mapya yakimfanya atabasamu hata asipotaka, na watu wakatazamana. Sanduku lake halikuwa na kitu kipya. Koleo zilikuwa zile zile, na wengi aliwang'oa siku hiyo kama siku zote. Lakini kabla dresa hajaanza kupaka, alichuchumaa mbele ya mtu wa kwanza, mama mmoja wa Kyarumba aliyeanza kuteremka mlima kabla ya mapambazuko.

"Mama, unaumwa wapi? Na unataka tufanye nini?"

Yule mama aligeuka nyuma kuona anayeulizwa ni nani. Alipojua ni yeye, alifungua kitambaa shavuni na kuanza kueleza, tangu msimu wa kahawa uliopita, usiku baada ya usiku, dawa za majani alizotafuna, watoto aliowapigia kelele kwa sababu ya maumivu. Alieleza muda mrefu sana. Watu arobaini walikuwa nyuma yake kwenye mstari, na hakuna aliyemwambia afanye haraka.