Mashine Isiyongoja Kuitikiwa

Rafiki zangu, leo nyimbo za Bwana Shee nusura zimnyang'anye kazi mtunzi wake.

Mfanyabiashara mmoja amezinasa zote kwenye mashine yake. Asubuhi alituletea tuzisikie nyumbani kwa Bi Mwanaisha, anayemwoza binti yake Ijumaa.

"Basi harusini itatosha mashine," Bi Mwanaisha akasema nyuma ya pazia. "Hii haitaki kubembelezwa."

Shee akainamisha kichwa.

Wimbo ukaanza. Sauti ya Shee hasa.

Kwa asiyejua, kwetu mwimbaji hutoa ubeti, kisha hunyamaza wasikilizaji waitikie. (Naye hupata pumzi.) Lakini siku ya kunasa, mwenye mashine alimkataza Shee kunyamaza, nta ya kunasia sauti isipotee bure.

Wanawake wakaitikia. Mashine ikawakanyaga kwa ubeti wa pili.

Wakajaribu tena. Ikawakanyaga tena.

"Mbona Shee hatungoji?" mmoja akauliza. "Tumemkosea nini?"



"Izimeni," Bi Mwanaisha akasema. "Shee, mwanangu, hebu imba wewe."

Akaimba, akanyamaza. Nyumba nzima ikaitikia.

Ijumaa ni yeye. Mwenye mashine naye kaalikwa, aje aitikie.

Nanyi mngestahimili wimbo usiowangoja?