Ubao wa Ziwani Jikoni kwa Bibi

Kaka yangu alipanda nao kutoka Matema, juu ya paa la basi la Kosta, umefungwa kwa mipira kama maiti ya mtu mrefu. Ni ule ubao ambao wageni husimama juu yake wakapiga kasia ziwani. Pale hotelini yeye ndiye anayeutunza, na yeye ndiye aliyeuacha ukagonga jiwe, pua ikatoboka. Bosi alikuwa safarini hadi Jumatatu. Akiukuta na tundu, kazi hakuna.

Sasa nani analeta kitu cha kukausha Tukuyu? Huku hata soksi za shule navaa mbichi.

Ndani ya ubao ni povu gumu jeupe, kama lile linalokuja na televisheni mpya, na lilikuwa limekunywa maji. Tukauegemeza jikoni kwa Bibi, mbali kidogo na moto, maana povu likiungua linanywea.

“Godoro la nani hili?” Bibi akauliza.

“La Kaka. Anaoa.”

“Mbona jembamba? Mke atalala wapi?”

Mvua haikukatika. Nikawa naingia, natoka, nagusa.

“Tupake gundi tu, bro,” nikamwambia Kaka. “ Mengine Mungu atamalizia.”

“Maji yakibaki ndani utavimba kama andazi. Toka hapa!”

Jumapili baada ya kanisa povu likawa kavu. Kaka akapima gundi na dawa ya kuigandisha kwa bomba la sindano, polepole mpaka nikawashwa miguu. Mafundi magari wa mtaa wa Bulyaga wakiwa na haraka huongeza dawa.

“Ongeza basi!”

“Ile ni ya magari. Hii ukizidisha dawa inabaki mlenda.”

Akalaza kitambaa cha faiba, akapaka. Jioni bado inanata, baridi hiyo. Tukaizungushia chupa za maji ya moto na blanketi langu. Mimi nikalalia koti la shule.

Asubuhi ilikuwa ngumu kama kucha. Kaka akaitumbukiza pua ya ubao kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu: hewa ya ndani ikipata joto, palipo na upenyo patatoa viputo. Tukainama wote watatu. Nikashindwa kuvumilia, nikafanya kwa mdomo: “Blu-blu-blu.”

Kaka aliruka! Kisha akanizaba kofi la mkono uliolowa, likalia vizuri sana. Bibi akacheka hadi akakaa chini.

Tukainama tena. Maji yametulia, hakuna hata kiputo kimoja.

“Shika huku nyuma, mpumbavu wewe,” Kaka akasema, “Kosta inaondoka.”