Breki ya Ngozi

Tangu Jumamosi nakwepa watu. Mimi ni fundi katika gereji ya mzungu mmoja hapa Eldoret. Breki za pikipiki yangu kuukuu zilipolika, nilikata ngozi ya buti nikaibandika ndani yake, nikamwambia mke wangu zinashika kuliko za kiwandani.

Jumamosi tulikuwa tunamzika baba mkwe kule kijijini Ziwa, mzee aliyenipenda kama mwanawe. Mvua ilitunyeshea mimi na mke wangu juu ya pikipiki njia nzima, ngozi ikalowa. Kwenye mteremko wa kuingia bomani kwa wakwe nilikanyaga breki, pikipiki ikazidi kwenda. Waombolezaji waliruka kando, nami nikagonga jeneza, likaanguka matopeni.

Nyimbo zilikatika. Mama mkwe akamgeukia mke wangu, akauliza polepole, "Huyu ndiye uliyeniambia ni fundi?"